Kiboko, Kobe na Kauli ya Kutendana: Kitabu cha Urafiki Katika Darasa la Kiswahili

Kila mwaka, majuma machache kabla ya mazoezi ya kufundisha, wanafunzi wetu wa ualimu huuliza swali lile lile: "Mwalimu, zana tutazipata wapi?" Ni swali la haki. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze kutumika nchini Uganda mwaka 2020, Kiswahili kimekuwa somo la lazima katika kidato cha 1 na cha 2. Lakini katika shule nyingi ninazozitembelea kukagua wanafunzi, vitabu vya kiada ni vya kuhesabu kwa vidole, na pembeni kuna kabati lenye vitabu vya picha vya Kiingereza vilivyoletwa kwa msaada, ambavyo hakuna aliyevifungua. Makala hii inahakiki kimojawapo cha vitabu hivyo na kupendekeza namna kinavyoweza kutumika katika somo letu.

Kitabu chenyewe ni Owen & Mzee: The True Story of a Remarkable Friendship, kilichotolewa na Scholastic mwaka 2006. Waandishi ni watatu: Isabella Hatkoff, aliyekuwa mtoto wa miaka 6, baba yake, Craig Hatkoff, na Dkt. Paula Kahumbu, mwanaikolojia wa Kenya ambaye wakati huo alikuwa meneja wa Haller Park. Picha ni za Peter Greste, mwandishi wa habari kutoka Australia. Ni picha za kamera, si za kuchora, na jambo hilo lina uzito kwetu. Mwanafunzi wa miaka 14 akipewa sungura aliyevalishwa kaptula huona anadharauliwa. Akipewa picha ya mnyama halisi hukaa na kutazama.

Kwa msomaji ambaye hajakiona, kisa ni hiki. Mwishoni mwa mwaka 2004 viboko waliosukumwa na maji ya Mto Sabaki walijikuta baharini karibu na Malindi. Tarehe 26 Desemba tsunami ya Bahari ya Hindi ikafika hadi pwani ya Kenya. Kesho yake akaonekana mtoto mmoja tu wa kiboko, amekwama mwambani. Wavuvi, wenyeji na wageni walihangaika naye kwa kamba, mashua, magari na nyavu, hadi mwanamume mmoja aitwaye Owen alipomrukia na kumkamata. Mnyama akapewa jina lake. Akasafirishwa hadi Haller Park, Bamburi, kaskazini ya Mombasa, katika machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji ambayo René Haller alianza kuyaotesha miti mwaka 1971. Humo alikuwamo kobe mkubwa wa Aldabra, aliyekisiwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi, jina lake Mzee, na sifa yake ilikuwa kutopenda kusumbuliwa. Kiboko alipofunguliwa alikimbilia nyuma ya kobe huyo akajificha. Kobe akachukizwa, akajiondokea. Kiboko akamfuata. Kulipokucha walikutwa wamelala ubavu kwa ubavu.

Hapo pana jambo la kuwachangamsha wanaisimu wenzangu. Mto uliomleta Owen baharini ndio uliowapa wanaisimu jina la kundi la lugha ambamo Kiswahili kimo, pamoja na Kikomoro, Kimijikenda, Kipokomo na Kiilwana. Nurse na Hinnebusch waliandika kitabu kizima juu ya historia ya kundi hilo mwaka 1993. Mwanafunzi wa shahada anayelitaja neno "Sabaki" kila siku katika isimu historia bila kujua kuwa ni mto wenye viboko, sasa atajua.

Tuje kwenye uhakiki. Picha za kitabu hiki ni bora kuliko maneno yake, tena kwa mbali. Maneno yana haraka. Jina la kitabu limekwisha kutoa hukumu kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza: hawa ni marafiki, na urafiki wao ni wa ajabu. Baada ya hapo matini inarudi mara kwa mara kulikumbusha jambo hilo hilo, kana kwamba msomaji mtoto atalisahau. Picha hazisemi hivyo. Zinaonyesha mnyama mdogo aliyepotelewa na wake, na mnyama mkubwa wa umri ambaye uso wake hausomeki. Je, huyu ni rafiki, mlezi, babu, jirani, au ni mwenzake wa zizini tu kwa kuwa wote wawili wamezungushiwa ua? Picha zinaliacha swali hilo wazi, na hapo ndipo penye manufaa kwa mwalimu wa lugha. Mwanafunzi aliyeambiwa mapema kwamba hawa ni marafiki atatoa sentensi moja, "Owen na Mzee ni marafiki", kisha atafunga daftari. Yule ambaye hakuambiwa itambidi atafute neno.

Kwa sababu hiyo, pendekezo langu la kwanza ni kuyafunika maneno kwa karatasi. Nakala ninayoitumia mimi ni ya Kiingereza, na Kiingereza hicho kikiachwa wazi darasa litageuka somo la tafsiri.

Mwenzangu mmoja katika idara aliniuliza kwa nini nisichague kitabu kinachojulikana zaidi, kama Frog and Toad Are Friends cha Arnold Lobel, kilichotoka mwaka 1970. Jibu langu lilikuwa fupi: kwetu wote wawili ni chura. Kisa cha Chura na rafiki yake Chura kinaweza kufaa katika ushairi wa watoto, lakini darasani kitamsumbua mwalimu tangu kwenye jalada.

Kuna sababu nzito zaidi ya kutaka kitabu kama hiki katika madarasa ya Uganda hasa. Historia ya Kiswahili kwetu tunaijua. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wazee wengi kimebaki na harufu ya kambi ya jeshi. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, lakini mtu hapendi lugha kwa sababu imeandikwa katika katiba. Ukiwaomba wanafunzi wa mwaka wa kwanza waandike Kiswahili chochote walichokijua kabla ya kuja chuoni, karatasi hurudi zikiwa zimejaa amri: kuja hapa, kaa chini, toa kitambulisho, panga mstari. Ni Kiswahili cha kizuizini. Kitenzi kama kuegemea, kubembeleza, kudeka, kuzoea au kuridhia hakimo. Hawakupata kuisikia lugha hii ikitumiwa na watu wanaopendana. Vitabu vyetu vya kiada haviwasaidii sana, kwa kuwa navyo huanza na salamu, vikaingia sokoni, vikaenda hospitali, na huko kote watu huongea kama makarani.

Sasa tazama mnyama mdogo aliyelaza kichwa juu ya gamba la kobe. Huwezi kumweleza kwa Kiswahili cha kizuizini.

Kabla ya vitenzi, majina. Darasa litakwama mapema kwa wahusika wenyewe, na ni vizuri likwame. Mzee ni kobe, si kasa. Kasa ni wa baharini na ana miguu bapa kama makasia; kobe hutembea nchi kavu. Kwa mwanafunzi aliyekulia mbali na bahari tofauti hiyo si dhahiri, na nimesoma tafsiri za wanafunzi ambamo Mzee anaitwa kasa kwa kuwa kisa kinaanzia baharini. Kwa Luganda ni enfudu, na Owen ni envubu, na hapo ndipo upatanisho wa kisarufi unapoingia. Katika Luganda majina hayo hupatanishwa kwa ngeli yake ya umbo, ile inayolingana na I-ZI yetu. Mwanafunzi huhamisha mazoea hayo akaandika "kobe inalala". Mwingine ambaye amekariri jedwali la ngeli vizuri mno huona ki- mwanzoni mwa neno akaandika "kiboko kinalala". Wa kwanza amekopa kwao, wa pili ameliamini jedwali. Mwanafunzi wa kutoka Gulu, ambaye lugha yake ya kwanza haina ngeli kabisa, hana wa kumkopa, na mara nyingi ndiye anayepata haraka kwa kuwa hana cha kusahau.

Uzuri ni kwamba neno kiboko lenyewe hutoa somo lote. Kiboko kirefu kimekatika: huo ni mjeledi. Kiboko mrefu amekatika: huo ni ujinga. Kiboko mkubwa analala: ni mnyama. Ukitaka kuongeza, eleza kwa nini mtu hodari huitwa "kiboko yao" na si "kiboko wao", kisha uwaache wacheke. Halafu rudi kwenye picha na uwaulize kama Owen ni "mtoto wa kiboko" au "kitoto cha kiboko". Akiwa kitoto, je, "kitoto kinalia" au "kitoto analia"? Ukisema kinalia umemdunisha mnyama, au umemwonea huruma kwa udogo wake. Sauti ya msemaji ndiyo huamua. Sarufi ya namna hii haipatikani kwenye jedwali, na picha ya mnyama yatima huileta bila kulazimishwa.

Neno rafiki nalo lina kisa chake. Tunasema rafiki yangu amekuja, rafiki mzuri, lakini si rafiki wangu. Kivumishi na kitenzi vinakwenda A-WA, kimilikishi kinakwenda njia nyingine, pamoja na baba yangu, ndugu yangu na jirani yangu. Katika wingi utasikia marafiki zangu na pia marafiki wangu, na mimi hufundisha zangu bila kumfokea anayesema wangu. Waganda hawapaswi kulishangaa jambo hili. Wao husema mukwano gwange, kwa kimilikishi kisichokuwa cha ngeli ya watu, kwa sababu omukwano kwao ni urafiki na ni rafiki pia. Lakini sijaona kitabu cha Kiswahili kwa wanafunzi wa Uganda kinachowaonyesha ulinganifu huo, ingawa wameubeba kichwani tangu utotoni.

Kwa upande mwingine tuna mwenzangu, mwandani wangu, mlezi wangu, mtani wangu, mzee wangu. Mpe mwanafunzi picha moja, umwambie aandike kauli ya Owen akimtambulisha kobe kwa mgeni: "Huyu ni … yangu" au "Huyu ni … wangu". Nilipolifanya zoezi hili majibu yalikuwa mengi. Wengi walikataa neno rafiki kabisa. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu hamwiti rafiki yake mtu mwenye umri wa babu yake, hata wakipendana namna gani. Atamwita babu, na kwa kuwa ni babu ataruhusiwa kumtania. Nadhani walikuwa na haki. Neno mzee lenyewe limetafsiriwa katika kitabu kwa wasomaji wa Kiingereza kuwa ni mzee mwenye hekima. Hekima hiyo imeongezwa. Mzee ni mtu wa umri na wa heshima. Hekima tunamtarajia awe nayo, lakini haimo ndani ya neno. Nchini Uganda, ambako hata asiyejua Kiswahili humwita baba yake mzee, na kwa Luganda limekuwa omuzeeyi, wanafunzi waliitambua nyongeza hiyo mara moja.

Na kama hilo halitoshi, kuna Owen wawili. Yule mwanamume wa Malindi na mnyama huyu ni somo, au wajina. Neno hili nalo ni la kuchezea darasani: somo huyu ni mtu, somo hili ni la saa mbili asubuhi.

Nimefika kwenye kiini cha pendekezo langu, nacho ni kauli ya kutendana. Sisi hufundisha kiambishi -an- kwa orodha: penda, pendana; piga, pigana; saidia, saidiana. Mwanafunzi huijua orodha na hajui lini aitumie. Kitabu hiki, kikisomwa kwa picha tu, ni kisa cha kutoka kutenda kwenda kutendana. Mwanzoni hakuna -an- yoyote. Owen alimkuta Mzee, hakukutana naye. Tofauti hiyo ni kubwa. Aliyekutwa alikuwa pale kabla, na hakuwa na habari ya ujio wa mtu. Waliokutana wamekwenda wote wawili. Mwalimu anayeuliza "Je, Owen alimkuta Mzee au alikutana na Mzee?" ameuliza swali la sarufi na swali la hadithi kwa pamoja, na hakuna jibu la kukariri.

Zoezi lenyewe ni rahisi. Wanafunzi katika vikundi hupewa picha saba au nane bila mpangilio. Kwa kila picha wanaandika sentensi mbili, moja kwa kutenda na moja kwa kutendana, halafu wanafuta ile ambayo picha haiithibitishi. Sharti ni kuonyesha ushahidi kwa kidole: nani amegeuza shingo, macho yako wapi, nani yuko mbele. Owen ameweka kichwa juu ya gamba na kobe anatazama kwingine: "Owen anamwegemea Mzee". "Wanaegemeana" inafutwa. Picha ambayo kobe amenyoosha shingo kumwelekea kiboko ina ubishi. Kundi moja litasema wanatazamana. Jingine litasema kobe anatafuta jani. Wakilala pamoja, je, wanategemeana? Usingizi hauna ushahidi, na kuna kundi lililoandika "wamelala" tu, bila kuongeza neno, nikawapa alama zote.

Kutembea kunaleta fundisho jingine. "Wanafuatana" haina maana kwamba huyu anamfuata yule na yule anamfuata huyu, wangezunguka tu. Kufuatana ni kwenda pamoja, mmoja nyuma ya mwingine, kama siku zinavyofuatana. Mwanafunzi anayedhani -an- siku zote ni wewe kwangu na mimi kwako atalazimika kufikiri upya. Vivyo hivyo kuzoeana: hakuna picha moja inayoweza kuthibitisha kwamba viumbe wawili wamezoeana. Zinahitajika picha kadhaa zikiwa zimepangwa, na hapo -na- na -me- huja zenyewe: hapa wanazoeana, hapa wamekwisha kuzoeana. Sijapata njia nyepesi zaidi ya kufundisha hali ya kutimilika.

Mwalimu awe macho na mambo mawili. La kwanza ni kiambishi cha mtendwa. Wanafunzi wetu wataandika "Owen anafuata Mzee", kwa sababu katika Luganda kiambishi hicho kwa kawaida hakiandamani na jina la mtendwa lililotajwa baada ya kitenzi. Kwa Kiswahili sanifu anamfuata Mzee ndiyo sahihi, kwa kuwa mtendwa ni kiumbe hai aliyetajwa. Zoezi hili huanika tatizo hilo vizuri, maana "anafuata" ikikosa -m- haina wa kupambana naye pale inapogeuka "wanafuatana". La pili ni sintaksia: Owen na Mzee wanapendana, au Owen anapendana na Mzee. Sentensi ya pili huwashangaza kwa kuwa mtenda ni mmoja na kauli ni ya wawili. Mwanafunzi anayejua okwagalana hana shida na maana. Shida yake ni nafasi ya na.

Yapo ambayo kitabu hakiyatoshelezi, na nisingependa mwalimu kijana aingie darasani bila kuyajua. La kwanza ni mnyama mwenyewe. Kitabu kimeandikwa kwa ajili ya mtoto aliyemwona kiboko katika bustani ya wanyama au kwenye televisheni. Mwanafunzi wa kwetu anaweza kuwa anatoka Katwe, Katunguru au Kazinga, vijiji vya wavuvi vilivyomo ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako kiboko hutoka ziwani usiku, na ukikutana naye njiani anaweza kukuua. Kwake yeye Owen si mtoto anayependeza tu. Nimemsikia mwanafunzi wa upande huo akisema, wenzake wakiwa bado wanasifia picha, "Huyu akikua mtamkimbia." Mwalimu asimnyamazishe mtu wa namna hii kwa sababu tu mada ya siku ni urafiki. Ana msamiati ambao darasa halina, na anaweza kupewa dakika 10 aeleze. Siku hiyo darasa lilijifunza kitenzi kujihadhari, ambacho sikuwa nimekipanga.

La pili ni bahari. Uokoaji wa Malindi una maneno yote ambayo mwanafunzi wa Uganda hana: mwamba, kujaa na kupwa, nahodha, jarife. Jarife ni wavu mkubwa na imara wa kunasia papa, na mnyama wa uzito wa Owen, kilo 270 hivi, hazuiwi na wavu wa dagaa. Hapa picha hazitoshi. Mwalimu atalazimika kusimulia, na nashauri asimulie kwa mdomo wake badala ya kusoma, huku akiyaandika maneno hayo ubaoni moja moja. Wanafunzi wa kando ya Ziwa Victoria watayalinganisha na yao ya uvuvi bila kuombwa.

Kuna kitabu cha pili cha waandishi hao hao, Owen & Mzee: The Language of Friendship, cha mwaka 2007. Jina lake linatuhusu moja kwa moja. Kinaeleza jinsi wanyama hawa walivyoelewana: kiboko humng'ata kobe miguu ya nyuma kwa upole ili aende, huchagua mguu kulingana na upande anaoutaka, na husikika wakitoa sauti za mvumo wa chini. Kama kazi ya uandishi nakiona dhaifu kuliko cha kwanza, kwani hakina kisa, kina maelezo tu. Kwa wanafunzi wetu wa mwaka wa 3 wanaosoma utangulizi wa isimu kinafaa kwa jambo moja: kubishana kama neno lugha lina haki ya kutumika hapo. Ishara ya kung'ata mguu ina maana, ina msemaji na msikilizaji, na inaeleweka. Je, inaweza kukanusha? Inaweza kusema jana? Kwa ngazi ya shule za sekondari ningekiacha.

Kuhusu utaratibu, nitapita haraka. Darasa la watu 70 na nakala moja ya kitabu si kikwazo kikubwa ikiwa kuna projekta. Pasipo na umeme, mwalimu azunguke na kitabu kikundi kwa kikundi huku vikundi vingine vikiandika. Kurudufu kitabu kizima hairuhusiwi na sheria ya hakimiliki, na tusiwafundishe walimu wa kesho wizi. Vipindi vitatu vya dakika 40 vinatosha: cha kwanza majina na upatanisho, cha pili kutenda na kutendana, cha tatu maandishi. Katika hicho cha tatu nawasihi wenzangu waache kile kichwa cha insha cha miaka yote, "Umuhimu wa Urafiki". Majibu yake tunayajua, na mwanafunzi anajua kwamba tunayajua. Mpe aandike mazungumzo ya watunzaji wawili wa Haller Park asubuhi ile ya kwanza, kabla mtu yeyote hajalitaja neno rafiki.

Nimebakiza kipindi ambacho mimi hukitumia kwa kidato cha juu na kwa wanafunzi wa chuo. Baada ya kitabu cha kwanza kutoka, Owen aliendelea kukua, na kobe wa umri ule asingestahimili michezo ya kiboko mkubwa. Mwaka 2007 Owen alipelekwa kuishi na kiboko jike aitwaye Cleo katika bustani hiyo hiyo, na Mzee akabaki upande wake. Ninawaeleza hayo kwa sentensi mbili, kisha naandika ubaoni vitenzi vinne: waliachana, walitengana, walitenganishwa, alihamishwa. Kazi yao ni kuchagua kimoja na kukitetea.

Waliachana hukataliwa mapema, maana ina talaka ndani yake, na hakuna picha iliyoonyesha ugomvi. Alihamishwa ni ya ofisini, wanasema; inamtaja Owen na kumsahau Mzee. Ubishi hubaki kati ya walitengana na walitenganishwa, na hapo nawaacha wakipasue kitenzi wenyewe: teng-an-ish-w-a. Ndani yake kuna wawili, yupo wa tatu aliyesababisha, na wawili hao hawakuulizwa. Muhula uliopita msichana mmoja wa mwaka wa 2 alisimama akasema kwamba hata walitenganishwa haitoshi, kwa kuwa inadai kwamba kobe alijua kuna kitu kimeondolewa, na katika picha zote nane hajapata hata moja inayomthibitishia jambo hilo. Wenzake walimjia juu. Kengele ililia wakiwa bado wanapitisha kitabu mkono kwa mkono, wakitafuta picha ya kumshinda nayo.